Manka, Apolonia, Elifuraha au Mwanaidi? Ulinganisho kwa wanaomtafutia binti jina la zamani

Kadi ya kliniki ya mtoto wa kaka yangu ina wiki ya tano sasa, na penye nafasi ya jina pameandikwa kwa penseli. Limeshafutwa mara mbili. Baba na mama wote wanataka jina la zamani, hapo hawana ugomvi. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana zamani yake. Kaka ni wa kwetu Kibosho, nyumba ya Kikatoliki. Wifi amekulia Machame, kwa Walutheri. Na jirani yao wa Njoro, mama wa Kiislamu aliyekuwa wa kwanza kuingia na chupa ya uji siku wifi aliporudi kutoka hospitali, alisema tangu siku ile kwamba mtoto aliyezaliwa asubuhi ya Idi amekuja na jina lake.

Wameniuliza mimi, shangazi. Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa wengine wa Moshi na Arusha waliokwama palepale. Darasani kwa mwanangu kuna Precious wawili, Angel watatu na Glory mmoja. Sina neno na majina hayo, ila naelewa kwa nini mzazi wa leo anageuka nyuma kutafuta.

Mambo manne ya kupima kwanza

La kwanza ni mwenyewe. Jina jipya unaweza kulichukua kwa sababu tu linapendeza masikioni. Jina la zamani karibu kila mara lina mwenyewe: bibi fulani, mtakatifu fulani, siku fulani, au hali fulani iliyoipata nyumba. Ukimpa mtoto jina hilo umemuunganisha na huyo mwenyewe maisha yake yote. Hili nalipa uzito kuliko mengine yote yanayofuata.

La pili, litaitwaje mdomoni. Simama mlangoni uliite kwa sauti, kama unamwita mtoto aliyeko kwa jirani magharibi inaingia. Kisha fikiria watoto wenzake watalikatia wapi, maana jina refu halifiki darasa la kwanza likiwa zima. Na kama huyu ni mtoto wa kwanza, kumbuka hilo ni jina lako pia. Dukani, kanisani, kwenye kikoba, kuanzia sasa wewe ni Mama Fulani, na watu wengine mtaani hawatakujua kwa jina lingine mpaka mnazeeka.

La tatu, maana: jina linasema nini, na linasikikaje kwa mtu asiyejua lugha lilikotoka.

La nne, karatasi. Cheti cha ubatizo, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki. Jina linaloweza kuandikwa kwa namna tatu litaandikwa kwa namna tatu.

Jina la Kichagga, jina la bibi

Manka, Mkunde, Aika, Haika, Nsia, Shose, Aikaruwa.

Hapa mwenyewe hatafutwi. Kwa desturi, binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Wavulana vivyo hivyo kwa babu zao. Uzuri wa desturi hii ni kwamba inamaliza ubishi kabla haujaanza. Bibi wa upande wa pili hakasiriki, anajua zamu yake inakuja. Ugumu wake ni wa siku hizi: wengi wanazaa watoto wawili, na wawili hao wakiwa wavulana, hakuna bibi aliyepata jina. Wakizaa binti mmoja tu, bibi mzaa mama anabaki akingoja zamu isiyofika. Nimewaona wazazi wanaompa mtoto majina ya bibi wote wawili, moja mbele na moja katikati, na sioni kosa.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi vijana hawaambiwi. Dada yangu ana jina la mama yake baba. Mama yetu hakulitaja jina lile akiwa na hasira hata siku moja, kwa sababu ni la mama mkwe wake. Alimwita "Bibi". Bibi, njoo uoshe vyombo. Bibi, nani kamwaga maziwa? Baba alimwita "Mama". Sisi wengine tulichapwa tukiitwa majina yetu yote matatu. Yeye alikemewa kwa sauti ya chini. Jina lenyewe tulilisikia shuleni, mwalimu akiita mahudhurio. Mpaka leo dada yangu ana utulivu fulani, na naamini ulianzia hapo. Kwa hiyo wifi ajue: akimwita mtoto kwa jina la mama mkwe wake, yeye mwenyewe hatalitumia sana, na bado mtaani ataitwa kwa hilo hilo.

Maana ziko wazi ukizijua. Aika ni asante. Ruwa ni Mungu, na ni jua pia; Aikaruwa ni shukrani kwake. Ndani ya Mkunde kuna neno la kupenda. Ukishuka mlimani, maana hizo zinabaki juu. Mkunde mmoja ninayemfahamu alisoma Tanga, na wenzake walisikia kunde tu. Miaka minne aliitwa Maharage. Aika na Manka hayana shida hiyo, yanapita popote.

Kwa karatasi, hili ndilo kundi jepesi. Manka ni Manka, hakuna karani wa kulikosea. Angalizo ni moja: Kichagga si kimoja. Wamachame husema Iruwa pale ambapo wengine husema Ruwa, na jina moja hubadilika sauti ukitoka Hai ukielekea Rombo. Andikeni kama bibi mwenyewe anavyolitamka, siyo kama binamu wa Dar es Salaam anavyodhani.

Jina hili linawafaa wanaoishi karibu na wazee, wanaopanda kijijini zaidi ya Krismasi, na wanaotaka mtoto ajue ametokea nyumba ipi. Wazazi wanaotoka makabila mawili na hawataki lugha moja itawale wataona gumu.

Jina la mtakatifu

Apolonia, Skolastika, Gaudensia, Perpetua, Konsolata, Restituta, Leokadia, Filomena, Anastazia. Pita makaburini Kibosho, Kilema au Rombo usome misalaba. Ndiyo majina ya bibi zetu.

Watu hushangaa jinsi bibi wa Kichagga alivyopata jina la Kilatini. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Kibosho mwaka 1893. Kisha Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ikawataka mapadre wahakikishe mtoto anabatizwa kwa jina la Kikristo. Wazazi wasipolileta, padre mwenyewe aliongeza la mtakatifu. Kwa njia hiyo mtu mmoja akawa na majina mawili: la migombani na la kanisani. Sheria iliyoifuata, ya mwaka 1983, imelegea. Inadai tu jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo. Mzazi anayeogopa kwamba padre atamkatalia Manka au Aika asiogope.

Mama yangu ni mmoja wa wale wa majina mawili. Nyumbani Manka, kanisani Apolonia. Juzi nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, nikamuuliza kama anajua Apolonia alikuwa nani. Hakuinua macho. "Somo wangu? Walimvunja meno asimkane Mungu." Akaendelea kumenya. Halafu akaniambia kwamba kila tarehe 9 Februari, tangu alipopata kipaimara, huenda misa ya asubuhi hata mvua inyeshe, na akiumwa jino huwa anamwomba huyo huyo. Akanionyesha meno ya mbele. Yote yapo.

Hicho ndicho kitu ambacho kundi hili linacho na mengine hayana: somo. Mtoto anakuwa na siku yake kwenye kalenda na mtu wa kumsoma habari zake. Apolonia aliuawa Aleksandria mwaka 249. Perpetua alikuwa mama kijana anayenyonyesha, akauawa Karthago mwaka 203 pamoja na Felisita aliyekuwa ametoka kujifungua gerezani. Sikukuu yao ni tarehe 7 Machi. Skolastika, tarehe 10 Februari, ni dada wa Benedikto. Mengine yana maana nzuri ndani ya Kilatini chake: Gaudensia ni furaha, Konsolata ni aliyefarijiwa, Restituta ni aliyerudishwa. Hilo la mwisho nimeona wakipewa watoto waliozaliwa baada ya msiba, na linanigusa kila nikilisikia. Filomena ni jina zuri, ila mjue kwamba mwaka 1961 sikukuu yake iliondolewa kwenye kalenda za liturujia; mtoto akija kuuliza siku ya somo wake, muwe na jibu.

Mdomoni yanakatwa haraka: Skola, Gaude, Pepe, Apo, Mena. Vifupi hivyo vyenyewe vitamu, na Mama Skola ni jina analoweza kutembea nalo mtu. Mwanzoni mtoto ataona jina lake la kizee kati ya akina Angel. Niliowauliza, wengi waliona hivyo mpaka kidato cha pili hivi, kisha wakaanza kulipenda kwa sababu darasani lilikuwa lao peke yao.

Kwenye karatasi ndiyo kundi baya kuliko yote, na hapa nina uchungu wangu. Mimi pia ni wa jina la mtakatifu. Kwenye cheti cha ubatizo limeandikwa kwa K, ofisi moja ikaliandika kwa C na H, na shuleni wakaongeza herufi moja ya A. Nilipotaka mkopo benki ikaniambia watu hawa watatu hawafanani. Nililipa wakili wa kiapo, nikapoteza siku nne za kazi nikizunguka. Chagueni mwandiko mmoja, wa Kiswahili au wa Kilatini, muuandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, na kila mnapokwenda kuandikisha mpeni karani hicho kipande. Msimtajie kwa mdomo.

Linawafaa waumini wanaotaka mtoto awe na somo, na wanaopenda jina ambalo halipo mtaani. Kama nyumbani kwenu hakuna wa kufuatilia makaratasi, litawasumbua.

Jina la Eli, na bibi wa kwenye Biblia

Elifuraha, Elineema, Elirehema, Eliamani, Elisifa, Aikaeli; na upande mwingine Loisi, Foibe, Dorkasi, Eunike, Naomi.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na tangu hapo Walutheri wa Kilimanjaro na Meru wamekuwa na ufundi wao wa kuunda majina: unachukua Eli, Mungu wangu kwa Kiebrania, unaliunga na neno la Kiswahili au la kwenu. Aikaeli ni Kichagga na Kiebrania vimekaa pamoja kwenye jina moja. Wengine hudharau majina haya kwamba si ya asili wala si ya Biblia. Mimi nayaona ni kazi ya mikono yetu kuliko mengine yote niliyoyataja, kwa sababu hayakuletwa na mtu, yalitungwa hapa.

Mwenyewe wa jina la Eli ni Mungu na sala ya mzazi. Halimfungi mtoto kwa bibi fulani, hivyo halileti ugomvi wa zamu. Hilo ni jema kwa nyumba zenye bibi wawili wakali. Ila kama hamu yenu ni mtu, siyo sala, jina la Eli litawaachia pengo.

Maana haihitaji kufafanuliwa, kila Mtanzania anaielewa papo hapo. Mwandiko ni mmoja. Kasoro ni kwamba mengi huitwa wavulana na wasichana: kuna Elifuraha wa kiume, kuna Eliamani wa kiume, na mtoto atapokea barua za "Ndugu Bwana" mara nyingi. Kifupi chake ni Eli kwa wote, na nyumba yenye watoto watatu wa Eli, kama zilivyo nyingi Machame, ukiita mmoja wanaitika watatu.

Kwa wanaopenda ya Biblia, nawaombea Loisi. Katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, Paulo anamkumbusha kijana huyo imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Sijui jina la kibibi kuliko hilo. Ni fupi, linatamkika, na Mama Loisi linakaa vizuri mdomoni. Foibe, mhudumu wa kanisa anayetajwa Warumi 16, nalo limeanza kusahaulika na halistahili. Hayo ya Biblia yana tatizo la mwandiko kama ya watakatifu, japo kidogo: Ester, Esther na Estheri ni mtu mmoja kwa mchungaji, si kwa kompyuta.

Jina la Kiswahili cha zamani

Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwajuma, Chausiku, Tatu, Tunu, Subira, Siwema, Zuhura, Mashavu.

Moshi si ya Wachagga peke yao. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na majina ya pwani yana makazi yake Njoro, Majengo na Pasua muda mrefu sasa. Mengi mwenyewe wake ni wakati: Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwajuma wa Ijumaa, Mwanaidi wa Idi, Chausiku aliyekuja usiku. Tatu anakuambia yeye ni wa ngapi. Jina la namna hii mtoto anaweza kulielezea mwenyewe akiwa na miaka minne, na kwa mtoto hiyo ni raha kubwa.

Kwa nyumba ya Kiislamu hapana cha kuongeza. Siku ya saba kwenye akika jina linatangazwa na limekwisha. Kwa nyumba ya Kikristo, Tunu, Subira na Siwema hayana mipaka ya dini. Mwanaidi na Zuhura yatamfanya mtoto aulizwe dini yake maisha yote, jambo ambalo si baya ila ni lazima mlijue.

Hapa maana ndiyo ya kupima kwa makini kuliko kwenye makundi mengine. Kuna majina ya zamani yaliyotokana na maumivu: Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua. Kuna Kijakazi, ambalo linatamkika vizuri sana, lakini ni neno la mtumwa wa kike; hapa Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu, na wajukuu wa watu wale wako hai. Kama bibi yenu aliitwa Shida mkataka kumkumbuka, ningewashauri liwe jina la katikati, na kisa chake mkiandike mahali. Msimkabidhi mtoto shida ya mtu mwingine mbele ya jina lake.

Kwa karatasi hayana matatizo makubwa, isipokuwa Mwanahamisi huwa Mwanahamis, na Mwajuma na Mwanajuma huchanganywa.

Kwa wa Arusha na Umasaini

Naserian, mwenye amani. Namelok, mtamu. Nashipai, mwenye furaha. Sauti zake nzuri na hakuna asiyeweza kuyatamka. Nitasema jambo moja tu, kwa sababu linakwenda kinyume na la Wachagga: katika desturi ya zamani ya Wamasai, jina la aliyefariki halitajwi ovyo. Kama mnafikiria jina la bibi aliyekwishatangulia, waulizeni wazee wa ukoo kwanza. Mkikosa wa kuuliza, chukueni jina lenye maana mnayoipenda, liwe la mtoto mwenyewe.

Kulingana na hali yenu

Kama ni binti wa kwanza na bibi mzaa baba yuko hai, na mko karibu naye, jina lake la Kichagga lina nguvu ambayo hayo mengine hayana. Mjiandae tu kumwita mtoto Bibi.

Kama bibi wawili wanavutana, kimbilieni Eli au jina la siku aliyozaliwa. Au mpeni yote mawili na mkubaliane lipi liko mbele kabla ya kwenda kuandikisha, siyo mbele ya karani.

Kama mama na baba ni wa madhehebu au makabila tofauti, Loisi, Anastazia, Tunu na Subira hupita pande zote bila kelele.

Kama mtoto atakulia mbali, Dar es Salaam au nje ya nchi, chagueni lenye mwandiko mmoja: Aika, Manka, Elineema, Tunu. Majina ya watakatifu yenye Kilatini kingi yatabadilishwa na kila ofisi atakayoingia.

Kama wazo ni kumkumbuka marehemu aliyeteseka, chukueni jina lake zuri, maana wazee wengi walikuwa na mawili.

Na kama muda unawabana, kumbukeni kwamba kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Wiki tano zimekwenda, bado mna nafasi, lakini si ya kufuta penseli mara nyingi.

Liko bado moja. Mwenyewe wa jina akiwa hai, mwulizeni. Kuna bibi wasiopenda majina yao na hawajawahi kumwambia mtu. Siku ile jikoni nilimwuliza mama kama angependa mjukuu achukue jina lake. Alinyamaza mpaka ndizi zikaisha kwenye beseni. Kisha akasema Manka wapo wengi, hata kwa jirani yupo. Lakini tangu rafiki yake wa kipaimara afariki, hajasikia mtu mwingine akiitwa Apolonia kijijini, na angependa kulisikia tena likiitwa migombani kabla hajaondoka.

Nimewafikishia kaka na wifi. Wifi ameomba wiki moja zaidi.